Tuipime Mioyo Yao Pia

Hotuba hii ilisomwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa serikali, katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka wa Chama chetu. Tunaichapa kama ilivyosomwa. – Mhariri



Katika bwalo hili nilikula ugali na maharage kwa miaka sita, na katika bwalo hili hili niliwahi kusimamishwa juu ya benchi kwa kosa la kuzungumza wakati wa sala ya chakula. Leo nimesimama tena mbele yenu, lakini safari hii nimealikwa. Hayo ni maendeleo.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya nafasi za kazi serikalini. Nimewaomba radhi, nao wamenikubalia nizungumze juu ya jambo jingine. Mimi si daktari. Kazi yangu ni mipango na takwimu, na shahada yangu ya Chuo Kikuu ni ya uchumi. Lakini kwa miaka kadhaa sasa nimelazimika kusoma mambo ya moyo kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, kwa sababu ya mdogo wangu.

Wale wa miaka yangu wanamkumbuka. Siku ya Wazazi ya mwaka 1997 Mama alikuja naye hapa, akiwa na umri wa miaka 13, mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka. Timu yetu ilikuwa uwanjani. Bila kualikwa na mtu, alikwenda akaketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba, akakunja mikono kama mwalimu wa michezo, na kila tulipopata mpira alisimama na kunyoosha kidole golini. Tulishinda mabao mawili kwa moja. Tangu siku hiyo jina lake hapa shuleni likawa Kocha, na kila nilipopata barua kutoka nyumbani bweni zima liliniuliza, "Kocha hajambo?" Wengine mmeniuliza swali hilo hilo asubuhi ya leo pale getini. Hotuba hii ndiyo jibu langu.

Kocha alizaliwa na hali iitwayo sindromu ya Down. Jina hilo limetokana na daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1866. Sababu yake haikujulikana hadi mwaka 1959, wataalamu watatu wa Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, walipotangaza walichokiona kwa darubini. Ninyi vijana wa baiolojia mnajua kwamba kila seli ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, zilizopangwa jozi 23. Watu hawa wana 47. Ile ya namba 21 ni tatu badala ya mbili. Basi. Hakuna laana hapo, hakuna uchawi, wala hakuna kosa la mama au la baba. Hali hii haiambukizi. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila 700 hadi 1,000 wanaozaliwa, kwa tajiri na kwa maskini, katika mataifa yote.

Kromosomu hiyo ya ziada inagusa viungo vingi, na moyo ni mmojawapo. Moyo una vyumba vinne vilivyotengwa kwa kuta. Kwa watoto hawa, mara nyingi kuta hizo hazifungi vizuri tumboni mwa mama. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Kubwa kupita zote ni ile ambayo katikati ya moyo panabaki uwazi mmoja unaounganisha vyumba vya juu na vya chini. Mtoto wa namna hiyo anapaswa kufanyiwa upasuaji mapema, mara nyingi kabla hajatimiza miezi sita. Akicheleweshwa, damu nyingi mno inasukumwa mapafuni, mishipa ya mapafu inakakamaa, na hufika siku ambayo hata daktari bingwa hawezi tena kuuziba uwazi ule. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kwamba kila mtoto mchanga mwenye hali hii apigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho waganga hukiita eko, hata kama anaonekana mzima na ananyonya vizuri.

Kocha alizaliwa mwaka 1984, naye hakupata kipimo hicho. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanzishwa mwaka 2015. Mama aliambiwa amlee tu kwa jinsi atakavyojaliwa. Akamlea. Kwa bahati njema hakuwa na kasoro kubwa, akakua.

Sasa nawaomba mtazame hesabu moja. Mwaka 1983 wastani wa maisha ya mtu mwenye sindromu ya Down nchini Marekani ulikuwa miaka 25 hivi. Leo huko umefikia karibu miaka 60. Sababu kubwa ni mbili: upasuaji wa moyo wa watoto, na kuacha mtindo wa kuwafungia watu hawa katika majumba ya kuwahifadhi na kuwanyima matibabu. Kwetu sisi wapo bado watoto wanaotutoka mapema kwa sababu mioyo yao haikupimwa. Lakini wapo pia wengi waliokua, nao sasa wana miaka 30, 40 na 50. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wazazi wetu hawakuwahi kujiuliza: je, moyo wa mtu mzima mwenye hali hii tuuangalie namna gani?

Kwa watu wote, waganga hutumia kile kinachoitwa viashiria vya hatari. Elimu hiyo ilikuzwa na uchunguzi ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ambako maelfu ya wakazi walifuatiliwa kwa miaka mingi. Ikaonekana kwamba maradhi ya moyo hayaji kama radi. Hutanguliwa na dalili zinazoweza kupimwa: shinikizo la damu, lehemu katika damu, sukari, unene, uvutaji wa sigara. Ukizijua mapema, unaweza kuzuia mengi. Ndivyo tunavyopimwa sisi sote tunaofika miaka 40.

Ndugu zangu, hapa naingia katika habari ambayo si ya kujisifu.

Mama alifariki mwaka 2017, na Kocha akaja kukaa nami Dodoma. Mwaka 2019 watumishi wa ofisi yetu tuliitwa kupimwa afya. Nilikwenda naye kwa kuwa siku hiyo nyumbani hapakuwa na mtu. Mimi nilikutwa na presha ya 150 kwa 95, nikapewa karipio na karatasi ya kurudi. Nikamwomba muuguzi ampime na mdogo wangu. Akasita, akasema, "Huyu naye wa nini, kaka?" Lakini akampima. Ikasoma 100 kwa 60. Tukacheka wote. Muuguzi akasema, "Huyu ana moyo wa simba, atakuzika wewe." Kocha akafurahi sana, akawa anawaambia majirani kwamba kanishinda kwenye presha. Nami nikaridhika. Kwa muda wa miaka miwili sikumpeleka kupimwa tena.

Mwaka 2021 Kocha akaanza kubadilika. Alikuwa na kazi zake, kufagia uwanja kila asubuhi na kuwawekea kuku maji. Akaacha moja, kisha akaacha ya pili. Akawa analala kwenye kiti mchana. Uso ukavimba, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito. Mwezi wa Oktoba, ambao Dodoma ni wa joto kali, alivaa sweta. Usiku alikoroma kama ile jenereta yetu ya zamani nyuma ya jiko la shule, na mara nyingine mkoromo ulikatika ghafla, kimya, halafu akashtuka akitafuta pumzi. Jioni nilimtoa matembezini nikitaka apunguze unene. Nilikwenda mwendo wangu. Baada ya hatua mia mbili aliketi chini akakataa kuinuka. Nikamgombeza. Nilidhani ni ukaidi.

Ndugu na jamaa walikuwa na jibu moja: "Ndivyo walivyo. Huzeeka mapema." Mimi, mtu wa takwimu, msomi wa Chuo Kikuu, nililikubali jibu hilo bila kuuliza limetoka wapi. Maneno hayo mawili, ndivyo walivyo, ndiyo adui ninayetaka kumtaja leo. Kila kitu kinachompata mtu huyu kinatupwa katika kapu moja: akinenepa, ndivyo walivyo, akichoka, ndivyo walivyo, akikoroma, ndivyo walivyo. Ugonjwa wenye dawa unajificha humo humo ndani ya kapu.

Aliyetutoa humo ni daktari kijana, binti ambaye bado alikuwa katika mafunzo ya kazi. Nilimpeleka Kocha kwa sababu ya kikohozi tu. Akamtazama kwa muda, akaniuliza, "Mzee, tezi yake ya shingo imepimwa lini?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba presha yake ni nzuri kuliko yangu. Akasema kwa adabu, "Sikuuliza presha, Mzee. Nimeuliza tezi." Sikuwa na jibu.

Vipimo vikachukuliwa. Tezi ilikuwa imelegea sana katika kazi yake. Mafuta katika damu yalikuwa yamepanda. Sukari ilikuwa mpakani. Kiuno, kwa futi ya kawaida ya fundi cherehani, kilikuwa sentimita 104. Na kile kipimo cha eko, alichokipata kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 37, kilionyesha valvu moja ya moyo inavuja kidogo. Presha ilikuwa 98 kwa 60, safi kama siku ile tuliyocheka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na haya ndiyo niliyojifunza, nayaeleza kwa ufupi.

Kwanza, shinikizo la damu la watu wenye sindromu ya Down kwa kawaida liko chini kuliko la watu wengine. Ni maumbile yao. Kwa hiyo presha nzuri kwao haitupi habari ile ile inayotupa kwetu. Ni sawa na kuupima mzigo kwa mizani ambayo mshale wake umeanzia chini ya sifuri.

Pili, mishipa yao ina habari ya ajabu. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha makala ya J. C. Murdoch na wenzake yaliyouliza kama watu hawa wameepushwa na ule utando wa mafuta unaoziba mishipa ya damu, kwa kuwa waliofanyiwa uchunguzi baada ya kufa hawakuonekana nao. Mwaka 2010 watafiti wa Minnesota, Marekani, walipima unene wa ukuta wa mshipa mkubwa wa shingo kwa watu wazima walio hai. Wenye sindromu ya Down walikuwa na ukuta mwembamba, yaani mzuri zaidi, ingawa miili yao ilikuwa na mafuta mengi na damu yao ilikuwa na viashiria vibaya. Wataalamu wanaendelea kutafuta sababu. Presha ya chini inatajwa, na pia kemikali iitwayo homosisteini, ambayo kwao huwa kidogo kwa sababu mojawapo ya jeni zinazoipunguza iko kwenye ile kromosomu ya 21.

Mtu akisikia hivyo ataweza kusema, basi wana bahati, tuwaache. La hasha. Hilo ndilo kosa nililolifanya mimi.

Tatu, basi, ni kwamba moyo una milango mingi ya kuingiliwa, na mishipa kuziba ni mlango mmoja tu. Watu hawa hupata kulegea kwa tezi ya shingo mara nyingi kuliko sisi, na tezi ikilegea moyo hupiga polepole, lehemu hupanda na mwili hunenepa. Kisukari huwapata zaidi. Mafuta ya damu aina ya trigliseridi mara nyingi huwa juu, na lehemu ile nzuri huwa chini. Wengi hukatikiwa pumzi usingizini, jambo linaloutesa moyo na mapafu kila usiku. Valvu za moyo huweza kuanza kuvuja utu uzimani hata kwa yule ambaye hakuzaliwa na kasoro. Na uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali katika jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kiharusi huwapata zaidi kuliko watu wengine.

Nne, mapigo ya moyo. Hili nawaomba walimu wa michezo wanisikilize kwa makini. Mtu wa kawaida akikimbia, moyo wake hupanda kasi kukidhi haja ya mwili. Wa watu hawa haupandi kiasi hicho. Kiwango chao cha juu kabisa hupungukiwa na mapigo 25 hadi 30 hivi kwa dakika kikilinganishwa na chetu. Kwa hiyo Kocha alipoketi chini pale njiani hakuwa mkaidi. Moyo wake ulikuwa umefika mwisho wa gia zake, na mimi nilisimama juu yake nikimgombeza. Nimemwomba msamaha. Aliniambia, "Kaka, mimi nilisema." Na kweli alikuwa amesema.

Mwaka 2020 jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani lilichapisha mwongozo wa matibabu ya watu wazima wenye hali hii. Nimeuchambua kama nichambuavyo nyaraka za bajeti, na unachotaka si kikubwa. Tezi ipimwe kila mwaka mmoja au miwili kuanzia miaka 21. Sukari ipimwe kila miaka mitatu kuanzia miaka 30, na mapema zaidi kwa walio wanene. Uzito uangaliwe kila mwaka. Wakifika miaka 40 wapimwe kila miaka mitano kuona kama wanahitaji dawa za lehemu, kama wapimwavyo watu wengine. Na aliyezaliwa na kasoro ya moyo aangaliwe na mtaalamu wa moyo kwa vipindi maalum, hata kama alishapasuliwa akapona. Kwa maneno yangu mwenyewe naweza kusema: wapimwe vyote tunavyopimwa sisi, lakini majibu yasomwe kwa kuwafahamu wao.

Mdogo wangu alianzishiwa kidonge cha tezi, kimoja kila asubuhi kabla ya kula. Soda tulizikata, kwake na kwangu, maana haikuwa haki yeye anywe maji nami ninywe soda mbele yake. Matembezi tuliyarudia kwa mwendo wake, na yeye ndiye anayeamua tupumzike wapi. Baada ya miezi sita sweta lilirudi kabatini. Asubuhi moja nilisikia fagio uwanjani nikiwa bado kitandani, nikabaki nimelala nikisikiliza kwa muda mrefu. Valvu bado inavuja, nayo inaangaliwa kila mwaka. Sikusema kwamba amepona kila kitu. Nasema kwamba miaka miwili ya maisha yake ilipotea kwa kitu kilichokuwa na dawa.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuondoka bila kuacha kazi mezani.

Kwenu vijana: wengi wenu mnakotoka yupo mtoto wa namna hii, pengine nyumbani mwenu, pengine kwa jirani, na pengine hufichwa wageni wakija. Mkirudi likizo, mwambieni mama yake kwamba moyo wa mtoto usikilizwe na upigwe picha. Mkimwona mtoto mchanga anayetoka jasho na kuchoka wakati wa kunyonya, au midomo yake inageuka rangi ya bluu, msingoje likizo nyingine. Na msimwite kwa majina mabaya. Katika shule hii aliitwa Kocha, na jina hilo amelibeba kwa fahari hadi leo.

Kwenu wenzangu mlio waganga, na najua mpo wengi humu: siku za upimaji wa afya zinapopangwa, watu hawa waitwe kwa makusudi. Asiwepo tena anayeuliza, "Huyu naye wa nini?"

Kwa Chama chetu natoa hoja, na naomba iingie katika kumbukumbu za mkutano. Kila Siku ya Wazazi tuweke hema moja la upimaji kwenye uwanja huu, na familia zenye watu wa hali hii katika vijiji vya jirani zialikwe. Mizani tunayo katika stoo ya shule. Mashine ya presha na futi ya kupimia kiuno ni vitu tunavyoweza kuvichangia leo kabla ya chakula. Madaktari watatoka miongoni mwetu. Tezi na eko hatutaweza kuvifanya hapa, lakini tutaweza kuandika barua ya rufaa na kuchangia nauli. Mimi natanguliza mchango wangu, na Mweka Hazina ameshaupokea.

Mwisho, wale mlioniuliza pale getini: Kocha hajambo. Ameshapita miaka 40. Nimekuja naye. Hakutaka kuingia humu bwaloni kunisikiliza kwa sababu amesikia kwamba timu ya shule inafanya mazoezi. Mkitoka mtamkuta kwenye benchi la akiba. Msalimieni, lakini msimharakishe kutembea.